Mpira wa Kupaa Haupai, Wasichana Waambiwe Ukweli

Katika softiboli, ile ya urushaji wa kasi inayopendwa mno Marekani na Japani, hakuna mrusho unaosifiwa kama ule uitwao mpira wa kupaa. Mrushaji huuachilia mpira kutoka chini, kando ya paja lake, nao humjia mpigaji kwa usawa wa kifua. Kisha, katika hatua chache za mwisho, huonekana kuinuka ghafla kana kwamba umekanyaga ngazi. Mpigaji hulipeleka gongo pale alipouona mpira, akaambulia kukata hewa. Makocha wamewafundisha wasichana mrusho huu kwa miaka mingi, na wakiulizwa mpira hupaaje, aghalabu hujibu kwamba hupaa kwa sababu mkono umezungushwa mithili ya mtu afunguaye kitasa cha mlango.

Jibu hilo lina makosa mawili. La kwanza, mpira haupai. La pili, na ndilo zito zaidi, mkono unaozungushwa namna ya kufungua kitasa ndio hasa unaounyima mpira nafasi ya hata kukaribia kupaa. Sisemi haya kwa kutaka kuwaharibia watu starehe ya kuamini walichokiona kwa macho yao. Nasema kwa kuwa kosa hili lina gharama, na wanaoilipa ni wasichana wa miaka kumi na miwili au kumi na minne, ambao huamrishwa wazidi kukisokota kifundo cha mkono kila mara mpira unapokataa kuinuka.

Msomaji aweza kuuliza, ya Wamarekani na Wajapani yatuhusu nini sisi tulioshughulishwa na riadha na kandanda? Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ukumbini mwa klabu moja ya wapiga makasia, ikiwa besiboli ya kuchezewa ndani wakati wa baridi. Iliingia Michezo ya Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996, ikaondolewa baada ya Beijing 2008, ikarudishwa Tokyo, katika michezo iliyofanyika mwaka 2021, na imepangiwa kurudi tena Los Angeles mwaka 2028. Barani mwetu, Botswana na Afrika Kusini zimeshindana na mabingwa wa dunia. Botswana ilikuwa huko Chiba, Japani, katika mashindano ya dunia ya mwaka 2018. Na msichana wa Kiafrika anayetaka kuujua mrusho huu leo hatasubiri kocha ashuke kutoka ng'ambo. Ataufungua kwenye simu, kama Julius Yego alivyojifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti hadi akawa bingwa wa dunia mwaka 2015, huko Beijing, kwa mrusho wa mita 92.72. Tofauti ni kwamba Yego aliwatazama mabingwa wakirusha. Video nyingi za mpira wa kupaa humwonyesha mtu akieleza anachodhani anakifanya, na hapo ndipo penye mtego.

Wale waliocheza raunda shuleni hawatapata taabu kuufahamu uwanja wenyewe. Mrushaji husimama kwenye kibao chake, na mbele yake, umbali wa futi 43 kwa wanawake, yaani mita 13 na kidogo, yupo mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji. Tofauti na kriketi, mpira haudundi chini. Tofauti na besiboli, haurushwi kutoka juu ya bega: mkono huzunguka duara zima kama tanga la kinu cha upepo, na mpira huachiliwa ukingali chini ya nyonga. Mpira wenyewe ni mkubwa, mzingo wake ni inchi 12, na uzani wake ni gramu zipatazo 190.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mrushaji hupiga hatua ndefu mbele kabla hajaachilia, kwa hiyo mpira husafiri kama mita 11 tu hadi kwa mpigaji. Ukienda kwa kasi ya kilomita 105 kwa saa, mwendo usio wa ajabu kwa mrushaji hodari wa vyuo vikuu vya Marekani, utatumia takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Muda huo mfupi kama upepeso wa jicho unaitosha ardhi kuuvuta mpira zaidi ya sentimita 70 chini ya mstari ulionyooka ambao ungeufuata lau hapangekuwapo mvutano.

Kinachopingana na mvutano huo ni hewa. Mpira ukizunguka kinyumenyume, sehemu yake ya juu ikirudi upande wa mrushaji na ya chini ikielekea kwa mpigaji, huitupa hewa chini nyuma yake, na hewa inaposukumwa chini, mpira nao husukumwa juu. Nguvu hii hupewa jina la Mjerumani Gustav Magnus, aliyeichunguza katika karne ya 19, na ndiyo ileile inayopinda mpira wa adhabu katika soka ukapita kando ya ukuta wa walinzi. Lakini ili njia ya mpira ipinde kuelekea juu, sharti nguvu hiyo ishinde uzani mzima wa mpira. Nimepiga hesabu hiyo kwa mpira unaozunguka mara 1,200 kwa dakika, ambao ni mzunguko wa kuheshimika, na ninachopata ni nguvu isiyofika nusu ya uzani wake. Badala ya kushuka sentimita 70 na ushei, mpira hushuka 40 na ushei.

Kwa hiyo mrusho huu wote, pamoja na sifa zake zote, ni hizo sentimita 30 ambazo mpira haukuanguka. Hazipaswi kudharauliwa. Gongo la softiboli halina upana unaozidi sentimita 6, na mpigaji aliyekosea kwa upana wa kiganja amekosea kabisa.

Kuna wenzangu watakaonikumbusha kwamba mrushaji huuachilia mpira chini akiuelekeza juu, na kwa sababu hiyo mpira huwa unapanda kweli katika sehemu kubwa ya safari yake. Naam, hupanda. Hata jiwe ukilitupa juu ya mwembe hupanda. Ninachokikana mimi ni ngazi ile, mruko ule wa ghafla mbele ya mpigaji. Mwaka 1993 Terry Bahill wa Chuo Kikuu cha Arizona alichapisha pamoja na mwenzake uchunguzi juu ya udanganyifu wa namna hii katika besiboli. Mpigaji hawezi kuufuata mpira kwa macho hadi mwisho. Katika hatua za mwisho mpira humshinda kwa kasi, naye huruka kwa macho hadi pale anapokisia utafika. Akiwa amekadiria kasi chini ya ilivyo, au amezoea mipira inayoanguka zaidi, mpira humfikia ukiwa juu ya mahali alipoutarajia. Ubongo wake hauna neno la kueleza jambo hilo ila kusema mpira umeruka.

Ndiyo maana mabingwa wa besiboli huaibika wakikutana na warushaji wa softiboli. Mwaka 2004, katika mchezo wa maonyesho huko California, Jennie Finch, aliyetwaa dhahabu ya Athens mwaka huohuo, alimtoa Albert Pujols bila ya kuugusa mpira, na Pujols alikuwa miongoni mwa wapigaji wa kuogopwa duniani. Watu walishangaa, mimi sikuona muujiza. Pujols alikuwa ameyazoeza macho yake kwa miaka na mikaka kukisia mpira utokao juu ukishuka, na siku ile mpira ulitoka gotini.

Nije sasa kwenye mkono, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Msomaji aliyewatazama vijana wetu wa raga ya wachezaji saba amepata kuona pasi ndefu ikipigwa: mpira unazunguka kama msumari wa parafujo, ncha mbele, ukienda moja kwa moja kwa mwenzake. Mzunguko wa aina hiyo, ambao pia ni wa risasi itokayo bundukini, huuweka mpira imara lakini hauuinui hata kwa unywele, kwa kuwa mhimili wake umeelekea kuleko safari. Hewa haisukumwi juu wala chini. Na huo ndio mzunguko anaoupata msichana aliyefundishwa kufungua kitasa. Mkono wake unapopita kando ya paja, kigasha kinageuka nje kwa nguvu, vidole vinauzunguka mpira ubavuni, na mpira unatoka ukiwa risasi. Kwa jicho la kocha aliye pembeni, unazunguka kwa kasi ya kupendeza. Kocha anafurahi. Mpira unashuka kama mwingine wowote. Siku hizi vyombo vya kupima mzunguko vimeingia viwanjani, na kamera za mwendo wa polepole zimo hata katika simu za kawaida. Vimewafichulia wengi kwamba kile walichokiita mpira wa kupaa kwa miaka yote kilikuwa risasi tupu iliyorushwa juu kidogo.

Mkono unaotakiwa ni mwingine. Kigasha hakigeuki wakati wa kuachilia, kwani kimekwisha kugeuka mapema, mkono ungali unashuka nyuma ya mwili. Unapofika kwenye paja, upande wa kidole cha mwisho ndio unaotangulia, kama mkono wa mtu anayekata boga kwa ukingo wa kiganja, na vidole vinapita chini ya mpira kuelekea kwa mdakaji. Kidole cha kati hukaa juu ya mshono, kwani mshono ndio mpini wa kuuvutia mpira. Kidole cha shahada wengine hukikunja, ukucha au kifundo chake kikigusa ngozi, wengine hukilaza kando ya mwenziwe. Nimeona watu wakibishana juu ya kidole hicho kana kwamba ni suala la itikadi. Naona kila msichana akilaze panapomfaa, kwani ukubwa wa mkono haulingani, na mkono mdogo unaoiga mshiko wa mkono mkubwa hupoteza mpira kabla ya wakati. Gumba huachia kwanza. Kinachobaki ni vidole viwili kuukwangua mpira kwa chini, na mpira kutoka ukirudi nyuma juu yake wenyewe.

Ni jambo gumu, na ni adimu. Hata miongoni mwa warushaji wa vyuo vikuu, mzunguko wa kinyumenyume ulio safi kabisa haupatikani kwa urahisi. Wengi hupata mchanganyiko, nusu risasi, nusu kinyumenyume, na mchanganyiko huo nao huwafaa kwa kiasi chake. Simlaumu anayepata nusu. Ninachokilaumu ni kumfundisha msichana risasi kamili kwa jina la mpira wa kupaa, halafu kumwambia hana nguvu za kutosha.

Namna ya kujua ni rahisi mno, hata inanishangaza kuwa haitumiki kila mahali. Chukua mpira, uchore mstari mmoja mnene kwa kalamu ya wino mzito kuuzunguka wote, au ubandike ukanda wa utepe mweusi, kisha uushike ili mstari ukate katikati ya vidole viwili hivyo. Mrushaji asimame hatua nne tu kutoka kwa mdakaji, asizungushe mkono duara zima, aupige mpira kwa kigasha na vidole peke yake. Mdakaji ndiye shahidi. Akiuona mstari umesimama wima, mwembamba, haupepesuki, mzunguko ni wa kinyumenyume na mkono umefanya kazi yake. Akiona mstari umegeuka duara mbele ya mpira, limetulia likimkodolea kama jicho la samaki, hiyo ni risasi. Ukitapatapa huku na huku, mkono bado haujaamua. Wiki nyingi za mazoezi haya ya karibu, yasiyochosha bega, zina thamani kuliko mamia ya mirusho ya nguvu kutoka kibaoni, kwa sababu mrusho wa nguvu huuficha mkono. Msichana akiisha kuongeza kasi, hakuna jicho la mtu linaloweza kuona vidole vimefanya nini.

Mwili nao una sehemu yake, ingawa imetiwa chumvi. Mrushaji wa mpira wa kupaa hubakisha uzito nyuma kidogo kuliko anaporusha mpira wa kushuka. Bega la mbele huwa juu ya la nyuma, na mguu wa mbele hukita ardhini ukawa kigingi kinachousimamisha mwili ili mkono upite. Hapo makocha wengine humwambia msichana ajipinde kiunoni hadi awe kama upinde, eti auinue mpira kwa mgongo. Mgongo hauinui chochote. Mguu wa mbele ukikita sawasawa, mwili hurudi nyuma wenyewe kwa kiasi kinachotosha. Anayejipinda kwa makusudi hupoteza kasi, na kasi ikipungua, sentimita zile 30 hupungua pamoja nayo, maana nguvu ya Magnus huitegemea kasi.

Mahali pa kuutuma mpira hapana mjadala: juu ya kifua, penye ukingo wa juu wa eneo halali au zaidi kidogo. Mpira wa kupaa uliofika kiunoni ni sadaka kwa mpigaji.

Lakini nimesema kosa hili lina gharama, na sikukusudia gharama ya alama peke yake. Kwa muda mrefu softiboli imeishi na imani kwamba kurusha kutoka chini ni jambo la maumbile, basi bega haliumii, na mrushaji aweza kurusha leo, kesho na keshokutwa. Watafiti waliowapima warushaji katika michezo ya Atlanta mwaka 1996 walikuta kwamba bega huvutwa kutoka katika tundu lake kwa nguvu ifikayo takriban asilimia 80 ya uzani wa mwili. Kwa msichana wa kilo 60 ni kama kuning'iniza kilo 48 begani, katika kila mrusho. Madaktari wameandika pia juu ya nyufa katika mfupa wa kigasha kwa warushaji wa softiboli, mfupa unaochoshwa kwa kusokotwa tena na tena. Sasa mchukue msichana ambaye mpira wake hauinuki. Mwambie asokote zaidi. Akishindwa, mwambie arudie mara hamsini. Anarudia, kwa utiifu wa mtoto kwa mkubwa wake, jambo ambalo kwa sheria za maumbile haliwezi kumpa anachokitafuta.

Huko Marekani, besiboli ya watoto chini ya Little League iliwekewa hesabu ya mirusho kwa siku kulingana na umri tangu mwaka 2007. Kaka anahesabiwa. Dada yake katika softiboli, kwa miaka mingi, hakuhesabiwa mirusho, na sababu iliyotolewa ni ileile ya kurusha kutoka chini. Mimi naona makocha wa huku Afrika wanaouanza mchezo huu upya wana bahati ya kutofungwa na mazoea hayo. Waweza kuanza na daftari lenye safu mbili tu: mirusho mingapi leo, na mingapi kati ya hiyo mstari ulisimama wima. Safu ya pili ikikoma kuongezeka, siku ya mazoezi imekwisha, hata kama saa bado.

Watanijibu kwa jina la Yukiko Ueno. Tarehe 20 Agosti 2008, huko Beijing, Mjapani huyu alirusha vipindi 9 dhidi ya Marekani akashindwa, kisha siku hiyohiyo akarusha vipindi 12 dhidi ya Australia akashinda. Kesho yake akarudi kwenye fainali, vipindi 7 vingine, na Japani ikaivua Marekani ubingwa kwa 3 kwa 1. Jumla yake ilikuwa mirusho 413 katika siku mbili. Nchi nzima ilimshangilia, nami namwondolea kofia. Lakini Ueno alikuwa na umri wa miaka 26, mkono uliokomaa na umahiri wa miaka mingi, na hata hivyo hakuna anayejua hesabu ya mabega yaliyojaribu kumwiga katika viwanja vya shule yakanyamaza.

Mimi napenda zaidi kuikumbuka fainali yake nyingine, ile ya Yokohama, tarehe 27 Julai 2021, siku tano baada ya kutimiza miaka 39. Wapinzani walikuwa Wamarekani walewale. Safari hii hakuachiwa mzigo peke yake. Katika kipindi cha sita kocha wake alimpumzisha akamwingiza Miu Goto, binti wa miaka 20. Sheria ya softiboli humruhusu mchezaji aliyeanza mchezo kutoka na kurejea mara moja, na Ueno alirejea kipindi cha saba, akawatoa wapigaji waliosalia. Japani 2, Marekani 0.